Mashini ya Tonton na Sauti ya Papa

Kisangani, mtaa wa Mangobo

Kwako dada yangu Mwavita,

Salamu za amani na za mapenzi zikufikie hapo Kasongo, wewe na wote mnaolala chini ya paa la Papa. Mimi ni mzima, Mungu ashukuriwe, ila uzima wenyewe ni huu wa kuamka nimechoka na kulala nimechoka. Malaria ilinishika kidogo, ikaniachia. Ninakula, ninakwenda kazini, ninakwenda masomoni, ninarudi. Usinihurumie mimi. Huruma yako yote iweke pale inapohitajika.

Papa anaendeleaje? Mkono wa kuume umepata nguvu hata kidogo? Anameza vizuri, au uji bado unamtoka upande wa mdomo? Na wewe, mgongo wako? Najua kumgeuza Papa si kazi ya mtu mmoja, mwanamume mkubwa vile, na najua pia hutakubali kusaidiwa mpaka siku utakapoanguka wewe. Usibishe. Nakujua.

Barua hii anakuletea Mama Asha, yule muuza vitenge anayekaa mbele ya msikiti wenu. Pamoja na barua atakupa simu iliyofungwa ndani ya kitenge cha buluu. Kitenge ni chako. Simu ni ya Papa. Kabla hujaiwasha, soma kwanza barua yote, maana nisipokueleza imetoka wapi utadhani nimeiba.

Unakumbuka siku uliponipigia kutoka juu ya kilima, pale mnapokwenda kutafuta mtandao? Mvua ilikuwa inanyesha na wewe unapiga kelele kuishinda. Ulisema Papa ameanguka wakati wa kutawadha, mdomo umekwenda upande, sauti haitoki. Halafu ukanyamaza. Nikadhani simu imekatika, kumbe unalia. Ukasema: "Zuena, anaonyesha kitu kwa kidole. Tunamuletea kikombe, anatikisa kichwa. Tunamuletea sahani, anaisukuma. Mwisho analia. Papa, Zuena! Papa analia." Nilikuwa nimesimama mlangoni pa kibanda cha fotokopi ninapofanya kazi, mteja ananingoja na karatasi zake mkononi. Nikaketi chini palepale, kwenye matope.

Kuja sikuweza. Barabara ya kutoka huku ikishalowa, magari yanalala njiani na watu wao, na kazi ya hapa ukiiacha unakuta mwingine ameshaketi kwenye kiti chako. Tena unakumbuka Papa aliniambia nini siku nilipopanda lori. Ulikuwa umesimama karibu naye. "Nenda. Usirudi kwa sababu ya mtu yeyote, hata mimi." Kwa hiyo hata roho iliponivuta, maneno hayo yalinirudisha.

Ndipo nikawaza: kama Papa anaweza kunyoosha kidole, basi anaweza kubonyeza. Nilikuwa ndio kwanza nimeanza masomo ya alasiri pale Kabondo, masomo ya kuandika programu za simu. Nikasema nitamtengenezea programu yenye picha. Akigusa picha ya kikombe, simu iseme anataka maji. Akigusa dirisha, simu iseme lifunguliwe. Kila mtu niliyemwambia alisema ni kitu kidogo. Aee dada, hicho kitu kidogo kimenila mpaka nguo zinanivuka.

Shida ya kwanza haikuwa kuandika. Shida ilikuwa mahali pa kuandikia. Wenyewe wanapaita mazingira: ni programu ambayo ndani yake unaandika programu nyingine, unaijaribu, unaona makosa yako, unaipika mpaka inakuwa kitu cha kuwekwa ndani ya simu. Chukulia kwamba ni jiko. Mtu hajifunzi kupika hewani. Sasa kuna jiko kubwa la hoteli lenye kila kitu, na kuna mafiga matatu nyuma ya nyumba. Lile kubwa linaitwa Android Studio, ndilo wanalotumia mainjinia. Linakaa ndani ya kompyuta, tena kompyuta yenye nguvu, na linataka umeme usiokatika na mtandao wa kushusha vitu vingi mno. Mafiga ni programu ndogo zinazokaa ndani ya simu yenyewe. Unaandika kwa vidole gumba, na simu ileile inapika.

Kama ningeachwa nichague mwenyewe ningechagua mapema. Lakini nakaa kwa Tonton Amisi.

Unamjua mdogo wake Papa. Amestaafu kazi ya hesabu kwenye kampuni ya mbao, lakini hata leo anapiga pasi suruali kwa ajili ya kwenda kununua mkate. Nilimweleza habari za Papa. Aliingia chumbani, akatoka na mashini yake, ile kompyuta ya kubeba aliyopewa alipostaafu, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hakuna mtu katika nyumba hii aliyeruhusiwa kuigusa, hata kuipangusa vumbi. Akamwita kijana mmoja wa mtaa anayejiita injinia, akamwambia amuwekee mtoto kile kinachotumiwa na wakubwa. Injinia akaweka Android Studio, akala chakula chetu, akaenda zake. Tonton akanigeukia.

"Zuena, kaka yangu hatatengenezewa kitu ya watoto. Utatumika na kitu ya nguvu. Unasikia?"

Ningesema nini? Wewe unajua nyumba tuliyokulia. Baba mdogo ni baba. Akishakuchagulia, umechaguliwa, unasema asante na unapiga goti. Nikapiga goti, nikasema asante, na shida zangu zikaanzia hapo.

Mashini ikiwashwa inakoroma kama mtu mwenye mafua. Kungoja Android Studio ifunguke, ningeweza kuosha vyombo vyote vya nyumba, na niliviosha kweli. Mama Safi, mke wa Tonton, alifurahi sana siku zile. Ikishafunguka inaanza kusema inatafuta vitu vyake kwenye mtandao. Kumbe injinia alileta vyungu vitupu! Kila ninapoanza, inataka kushusha mafaili mengine kwanza, na mega za mtandao nilizonunua zinaisha kabla mstari haujafika nusu. Halafu umeme unakatika. Betri ya mashini ilishakufa zamani, kwa hiyo umeme ukienda na yenyewe inakwenda, na kila kitu kinaanza upya. Hapa kwetu umeme unagawanywa kwa zamu, mtaa huu ukipata ule mwingine unangoja, na zamu yetu ilikuwa na tabia ya kufika wakati niko kazini. Nikawa naibeba mashini mgongoni kwenda kwa wale wenye jenereta wanaochaji simu za watu. Mwenye jenereta akaitazama, akaisikiliza, akasema inakula kuliko simu zote za mezani kwake. Akaichomoa.

Siku moja mambo yakakubali. Umeme upo, mtandao upo, nikaandika kitufe kimoja, kikombe peke yake. Nikabonyeza pale pa kujaribu. Mshale ukasimama. Kioo kikawa cheupe. Nikangoja, nikangoja, nikaenda kuteka maji nikarudi, bado cheupe. Nilitukana, dada. Nilitukana kwa Kilingala, maana kwa Kiswahili ningeona kama Papa ananisikia.

Na kila tunapokula, Tonton ananawa mikono taratibu, ananitazama, anauliza:

"Bon, mashini iko inasema nini?"

"Inaendelea, Tonton."

"Vizuri. Kitu ya nguvu inataka uvumilivu."

Mama Safi ananitazama, anageuza uso.

Halafu ukanipigia mara ya pili. Safari hii hukulia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Ulisema Papa amegeukia ukuta. Uji anaukataa. Ulisema: "Zuena, ameacha hata kunyoosha kidole." Nilikaa na hayo maneno siku nzima kazini, natoa fotokopi za watu zimepinda, bwana mmoja akanifokea mbele ya watu. Nilichoelewa ni kwamba Papa amechoka kutoeleweka. Mtu akiacha kuonyesha kidole, baada ya hapo anaacha nini? Nikaona sina tena muda wa jiko la hoteli.

Kesho yake nikamfuata mwalimu wetu wa Kabondo baada ya darasa. Ni kijana tu, mkali, hapendi maswali marefu. Nikamweleza mashini, umeme, mega, kioo cheupe. Akanikata:

"Mama, unataka kujifunza, ao unataka watu waone unajifunza?"

"Nataka kumaliza."

"Basi chagua kitu unaweza kufungua kila siku. Ile kubwa itakungoja, haina miguu."

Akatoa simu yake, akafungua mazingira ya ndani ya simu, akaandika mistari michache mbele yangu, akabonyeza. Pakatokea kitufe. Akakigusa, kikalia. Yote hayo tumesimama uani, hakuna waya wala jenereta. Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga.

Lakini simu yangu, ile unayoijua, yenye kioo kilichopasuka, imejaa na ni ya zamani. Ile programu ilikataa kuingia. Na katika nyumba yetu simu moja tu ndiyo ingeweza, simu kubwa ya Tonton, ambayo mwanawe alimtumia kutoka Kinshasa na anaifuta kwa leso kila baada ya kuongea. Dada, jiweke mahali pangu. Nimwambie kwamba mashini yake aliyoitunza miaka yote haifai kitu, halafu palepale nimwombe simu yake? Mtoto gani wa Kasongo anayeweza kufungua mdomo namna hiyo? Nikaendelea kusema inaendelea.

Mama Safi ndiye aliyenifuata jikoni. "Weye unakonda," akasema. "Mashini imekufa?"

"Imekufa, Mama."

"Njo nilijua. Sasa usiseme kitu. Hii haisemwi na mutoto, na mimi bibi yake nikiisema italeta vita. Hii inasemwa na shemeki."

Shemeki ni Shabani, mdogo wake Mama Safi, anayeendesha moto, yaani pikipiki ya kubeba watu. Hapa ni kama kwetu: shemeji ana ruhusa ya utani. Anaweza kumwambia Tonton kitu ambacho mwingine akikisema atafukuzwa, na Tonton haruhusiwi kukasirika, akikasirika watu watamcheka. Basi Jumapili Shabani akaja, amevaa koti lake la mvua na jua lote lile. Mama Safi alikuwa ametwanga lituma, ile ndizi ya kupondwa wanayoipenda watu wa huku, na samaki wa kuchoma. Tukakaa. Shabani akala kwanza, akala vizuri, ndipo akaanza.

"Shemeki Amisi, nimesikia uko na mashini inatoa joto sana."

"Nani amekuambia?"

"Mutaa yote inajua. Mimi niko na kuku zinataka kulalia mayai. Unipatie hiyo mashini niweke mayai juu. Vifaranga vikitoka, kimoja ni chako."

Mama Safi akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mimi nilitazama sahani yangu.

"Weye," Tonton akasema, "unaendesha moto bila taa ya mbele, unataka kunifundisha mashini?"

"Moto yangu haina taa lakini inafika! Ya kwako iko na taa, iko na kioo, iko na feni, na haijafika hata kwa kikombe kimoja. Kaka yako iko anangoja maji kule, shemeki. Utamupelekea feni?"

Hapo hakuna aliyecheka. Tonton akaacha kutafuna. Akanigeukia polepole.

"Zuena. Iko kweli?"

Nilishindwa kusema ndiyo. Nilishindwa pia kusema inaendelea. Nikabaki nimeinamisha kichwa, machozi yanadondoka kwenye lituma, na Tonton akasimama, akaacha chakula chake, akaingia chumbani. Mama Safi akamtazama mdogo wake kwa macho ya "umezidisha." Shabani akasema kwa sauti ndogo, "Lakini mulinituma." Nikajua yameisha. Nilikuwa ninahesabu kichwani nguo zangu, nitazifunga vipi, nitakwenda kuomba kulala kwa nani.

Tonton alirudi na simu mbili mkononi. Moja ni ile kubwa yake. Nyingine ilikuwa simu ndogo ya vitufe, ile yenye tochi. Akaketi, akavaa miwani, akatoa kadi kwenye simu kubwa, akaitia kwenye ndogo. Akaisukuma simu kubwa mpaka mbele ya sahani yangu.

"Andikia humo," akasema. "Ukimaliza usinirudishie. Upelekee kaka."

Kisha akamwambia Shabani: "Na weye, kula samaki unyamaze." Ndiyo simu unayoishika sasa, dada. Tonton mpaka leo anatembea na ile ya tochi, na rafiki zake wa msikitini wanamcheka, na yeye anawaambia nyingine iko kazini.

Sitakudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Kuandika programu kwa vidole gumba ni adhabu. Kibodi inafunika nusu ya kioo, ukigusa vibaya unafuta mstari mzima, macho yanawaka. Nimekosea alama moja tu ndogo, ya kufungia mstari, nikaitafuta mpaka nikachukia kusoma. Lakini betri ilikaa. Nilipokuwa kwenye foleni ya maji niliandika. Kibandani mteja akitoka niliandika. Mvua ikitufungia kanisani kwa watu, pale karibu na kituo, niliandika pamoja na wamama wa kwaya waliokuwa wanauliza mchezo gani ninaucheza. Kila siku nilifungua, kila siku kitu kiliongezeka. Na nilijifunza, Mwavita. Nilijifunza kuliko nilivyojifunza kwa mashini, kwa sababu nilikuwa ninapika, sikuwa ninangoja moto uwake.

Sasa sauti. Hapa nilifanya ujinga, na wewe unaujua nusu yake. Simu ina sauti yake ya kusoma maneno, lakini inasema Kiswahili cha redio, kisafi mno, na ni cha mwanamke. Papa angedhani kuna mgeni ameingia kutangaza habari. Nikasema nitaweka sauti yangu. Nikarekodi kwa adabu zote ulizonifundisha: "Tafadhali, naomba maji." "Tafadhali, nifungulieni dirisha." Nikakutumia usikilize, wewe ukashuka nayo kutoka kilimani ukamchezea. Ukaniambia alivuta shuka akafunika uso. Nilidhani ni uchungu wa kusikia sauti ya mtoto aliye mbali. Nikalia na mimi.

Tonton ndiye aliyeelewa. Nilimchezea naye akasikiliza, akakunja uso.

"Hii ni nani?"

"Ni Papa anaomba maji."

"Kaka yangu anaomba? Tangu lini? Kaka yangu haombi, anaita! Unamutia mwanaume mukubwa sauti ya binti yake, tena anabembeleza ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hata mimi ningefunika uso."

Halafu akasema nimngoje baada ya sala ya alasiri.

Alikuja amevaa kanzu na kofia, kama anakwenda kufungisha ndoa. Akakataa kuketi. Akasema Papa haiti mtu akiwa ameketi. Mama Safi alikuwa anafagia uani. Nikainua simu, nikamwonyesha aanze. Na dada, kabla ya kusema, akakohoa. Kile kikohozi cha Papa! Kile kifupi cha kusafisha koo, kilichokuwa kinatufanya tukae sawa mkekani na kuficha tulichokuwa tunafanya. Kisha: "Mwavita! Maji!"

Ufagio wa Mama Safi ulisimama. Ilikuwa ni Papa. Papa mzima, wa zamani, amesimama Mangobo. Ulijua sauti zao zinafanana kiasi hicho? Tonton alisema hata marehemu babu alikuwa anawachanganya, mmoja anakosa na mwingine anapigwa. Nililia tena, na wakati huu nilikuwa ninacheka ndani yake. Kikohozi sikukikata. Kimo mbele ya kila neno, usidhani ni kosa.

Alipomaliza akataka aone vitufe vyote. Nikamwonyesha: kikombe, sahani, mto, dirisha, choo, redio, na mtu niliyemchora mwenyewe ili Papa aguse mahali panapomuuma. Nilichora vibaya, utanisamehe, anafanana na chura. Tonton akatazama, akatazama tena.

"Umeweka wapi Hapana?"

Sikuwa nimeiweka. Niliweka vitu vya kuomba tu.

"Mutu anayekubali kila kitu analetewa, huyo ni mutoto. Weka Hapana. Weka kubwa."

Ndiyo hiyo nyekundu hapo juu, imechukua upana wote. Akiigusa, Tonton anasema "Hapana!" mpaka kioo kinatetemeka. Jiandaeni. Nadhani mtaisikia zaidi kuliko zote, na kila mtakapoisikia mmshukuru Mungu, hata kama uji umeupika vizuri.

Matumizi ni rahisi. Ukiwasha simu, programu inafunguka yenyewe. Haitaki mtandao wala unite za kupigia, haitaki kadi. Ichaji kwenye ule mtambo wa jua wa jirani. Watoto wasiishike. Iweke upande wa kushoto wa Papa, kwa mkono unaosikia. Mara ya kwanza usimbonyezee wewe. Iwashe, iweke, utoke chumbani, uvute pazia. Papa hapendi kutazamwa akijifunza kitu.

Sasa kuna jambo la mwisho, na hili usilisome kwa sauti mbele yake.

Chini kabisa ya vitufe vyote kuna kimoja kisicho na mchoro. Kina picha yangu, ile niliyopigwa Idi iliyopita nikiwa na kilemba cha njano. Kitufe hicho hakikuwemo katika mpango wangu. Nilikiongeza siku ya mwisho, kwenye foleni ya maji, nimechoka hata kusimama. Nikaenda kwa Tonton nikamwambia neno nililotaka alirekodi. Hakuvaa kanzu safari hii, wala hakupaza sauti. Alikohoa kile kikohozi, akasema polepole: "Zuena arudi nyumbani." Halafu akatoka nje, na hatujalizungumza tena.

Unajua Papa alivyonikataza. Nisirudi kwa sababu ya mtu yeyote, hata yeye. Mimi siwezi kulivunja neno lake, dada, na wewe huwezi kulivunja kwa ajili yangu, hata ukinililia kutoka juu ya kilima. Anayeweza kulivunja ni yeye tu, na hana sauti. Basi nimempa. Labda hataki. Labda atakiona, atajua ni nini, na atageukia ukuta. Hapo nitaendelea na masomo, na siku moja nitarudia Android Studio kwenye mashini yenye nguvu, na nitakuwa injinia wa kweli anayelipia chakula chake. Sijui lipi ninaloliomba. Wakati wa sala naanza kuliomba hili, namalizia kwa kuomba lile.

Kwa hiyo usimwonyeshe. Usimshike kidole. Mwache akione mwenyewe, kwa wakati wake. Na siku utakapokuwa uani unapepeta mchele, ukamsikia anakohoa kule ndani na kuliita jina langu, wacha ungo, panda kilimani, unibipu. Usingoje nipokee, usipoteze unite zako. Bipu moja tu, nitaelewa, nitafunga nguo.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, kwa uvumilivu wake wa kulala sebuleni ili Papa apate chumba. Bibi yetu mzaa baba mwambie mkeka wake nimeutafuta soko zima, nitaupata tu. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa anatuchapa na leo anakuja kumsomea Papa kila Ijumaa, mpe heshima zangu. Watoto wako wabusu, yule mkubwa mwambie akiigusa simu ya babu nitajua. Tonton Amisi na Mama Safi wanawasalimu sana. Shabani pia, ingawa hawajui, anasema yeye ndiye aliyefanya kazi yote.

Na Papa, mshike mkono ule wa kushoto, umwambie simu imetoka kwa mdogo wake. Jina langu usilitaje.

Ni mimi mdogo wako, ninayelala na simu iliyopasuka karibu na sikio,

Zuena